Glavu ya Mkono wa Kushoto

Tangu alfajiri Ottilie Raschke hakuwa amekaa. Uji aliunywa amesimama dirishani, nywele za bintiye alizisuka amesimama, na sasa, juu ya gati la mtoni Kladow, alikuwa akienda mbele na kurudi nyuma kama mtu anayengoja zamu ya choo cha pamoja cha ngazini.

"Mama, unanikanyaga," alisema Traudel.

"Basi simama vizuri."

"Nimesimama. Wewe ndiye unayetembea."

Traudel alikuwa na miaka saba. Alikuwa amevaa koti lililokatwa kutoka kwenye koti la jeshi la marehemu baba yake, na shingoni alining'iniza kadi yenye jina lake. Ndani ya mikono ya koti ilipita kamba ya sufu nyekundu iliyounganisha glavu zake mbili, moja kila upande, ili isipotee hata moja. Kila mtoto pale gatini alikuwa na kamba kama hiyo. Wengine waliokuwa kwenye foleni walilia, wengine walisukumana. Traudel alikuwa na kazi yake mwenyewe: alikuwa akilisukuma kwa ulimi jino la mbele lililolegea, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kwa mwendo uleule wa miguu ya mama yake.

Daktari wa mtaani kwao Spandau alikuwa ameona kivuli kwenye pafu la mtoto. Alisema kwa upole kwamba chumba kisicho na makaa hakitamfaa msimu huu wa baridi, na kwamba kuna nafasi kwa watoto kama yeye kupelekwa magharibi mwa Ujerumani, mahali penye maziwa ya kunywa. Ottilie aliomba siku ya kufikiri. Alipopewa, hakufikiri, alipiga deki chumba mara mbili, kisha akarudi kusema ndiyo.

Makaa yangetoka wapi? Tangu kiangazi hicho cha 1948 Warusi walikuwa wamefunga barabara, reli na mifereji yote iliyoingia upande wa magharibi wa Berlin, walikokaa akina Ottilie. Kilicholiwa na kilichochomwa, vyote vilishuka kutoka juu. Unga ulikuwa na ndege zake, makaa yalikuwa na ndege zake, na chumvi nayo ilikuwa na zake. Chumvi hula chuma, na ndege za nchi kavu zilianza kuoza nyaya kwa sababu yake. Kwa hiyo Waingereza walileta ndege zao za majini, ambazo maji ya bahari zilikwisha kuyazoea. Zilitoka Hamburg, zikatua juu ya mto Havel pale unapopanuka kama ziwa, zikaelea na matumbo yao mapana kama mabata walioshiba. Matishari yakazifuata kuteremsha magunia. Wakati wa kurudi, zilichukua watoto.

Ottilie aliyajua hayo kwa sababu alifanya kazi palepale. Yeye na wanawake wengine walishona magunia yaliyopasuka, kwa shazia, ile sindano ndefu iliyopinda ya kushonea magunia. Kazi yao ilikuwa na desturi moja. Gunia likimwaga, kabla ya kuzoa ulilowesha kidole, ukachovya, ukaonja, maana kuna siku sukari, chumvi na magadi vilikaa sakafu moja, na macho hayakuweza kutofautisha. Chumvi na sukari zilikusanywa zikarudishwa guniani. Magadi yalitemwa, na matusi juu yake. Baada ya miezi mitano, ulimi wa Ottilie ulikuwa ukifanya kazi hiyo bila kumwuliza.

"Bi Raschke!" Emil Krahnert, nyapara wa matishari, alikuwa akija na mwanamume mrefu aliyevaa koti la ngozi. "Huyu ndiye rubani wako. Anaitwa Haddow. Sema haraka, mashine zinapoa."

Krahnert alikuwa amefungwa mateka wa vita huko Uskoti miaka mitatu, akivuna viazi, na Kiingereza chake kilikuwa cha shambani. Kwa viazi, mvua na matusi kilitosha. Kwa mengine alisaidia mikono.

Ottilie alitoa mkasi mfukoni. Akaishika ile kamba nyekundu palipokuwa na fundo, ndani ya mkono wa kushoto wa koti, akaikata.

"Mama!" Traudel alishtuka. "Itapotea!"

"Haitapotea. Utaivaa mpaka mfike. Mkishafika, utamvulia bwana huyu hii ya kushoto, umpe mkononi." Akamgeukia Krahnert. "Mwambie aniletee. Hapa hapa, mimi mwenyewe."

"Glavu?" Krahnert alikuna kichwa chini ya kofia. "Bi Raschke, serikali itakuletea kadi yenye mhuri."

"Kadi ninazo. Nina mihuri ya kutosha kupaka ukuta. Mwambie, nisipoiona glavu hii kwa macho yangu sitaamini kitu kingine. Asiniletee barua, asiniletee picha, asiniletee peremende."

"Hiyo nitaifupisha."

Krahnert alisema maneno machache, akaonyesha glavu, akaonyesha anga, akaonyesha Ottilie, akaweka mkono moyoni. Rubani alisikiliza bila kucheka. Alikuwa na masharubu mekundu na masikio yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Akauliza jambo.

"Anauliza, mtoto atavaa nini mkono ule?"

"Atautia mfukoni."

Krahnert alifasiri. Rubani alimtazama mtoto, akachuchumaa. Traudel, aliyekuwa amefundishwa kutozungumza na askari, alifungua mdomo na kumwonyesha lile jino, akilisukuma kwa ulimi hadi likalala kabisa. Lilikuwa limemeguka pembeni tangu siku alipojigonga kwenye pampu ya maji ya barabarani. Rubani naye akafungua mdomo, akamwonyesha jino lake la dhahabu huko nyuma. Traudel akainama kuchungulia kama mtu anayetazama kisimani.

"Lake limelipiwa," alimwambia mama yake.

"Acha kulisukuma. Likitoka huko usilitupe. Nitunzie, nitalitia kwenye kikopo."

"Pamoja na ya Jochen?"

Ottilie alimfunga kifungo cha juu, ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

"Kikopo chako mwenyewe," alisema.

Mashua iliwabeba watoto hadi kwenye ndege. Ottilie aliifuata kwa macho kofia ya sufu ya Traudel mpaka ilipoingia mlangoni. Ndege iliunguruma, ikapasua maji, ikang'ang'ana, ikajing'oa. Ilipokwisha kuwa nukta juu ya miti ndipo akili ilipomrudia, kama mtu aliyefunga mlango na ufunguo ukiwa ndani. Mtoto mwenye pafu bovu, Desemba, katika nchi ya upepo, na mama yake kwa mkono wake mwenyewe ameamuru avuliwe glavu. Dukani hakukuwa na nyingine. Hata sufu ya kufuma haikuwapo. Ile nyekundu ilikuwa sweta ya Jochen, kaka yake Traudel, iliyofumuliwa.

*

"Shoga, kaa chini," alisema Bi Mielke, jirani yake wa kazini, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwa na mlango. "Gunia halishonwi likitembea."

"Nakaa."

"Unasema nakaa ukiwa umefika kule. Kiti kina misumari?"

Ottilie alikaa, akashona mishono mitatu, akasikia mngurumo juu ya Havel, akainuka. Haikuwa ndege ya Haddow. Asubuhi iliyofuata tena haikuwa yeye. Kisha ukungu uliteremka, ukaufunika mto na gati na hata ncha ya shazia, na ndege zikasikika tu, zikizunguka huko juu kama nyuki waliopotea mzinga, bila kutua.

Mkono wa kushoto wa mtoto haukumtoka akilini. Akishika ndoo yenye chuma baridi, aliufikiria. Akipitia pampu, aliufikiria. Usiku mmoja, umeme ulipokuja kwa zamu ya mtaa wao, alipiga pasi nguo za mtoto zilizobaki, ambazo hakuna aliyezihitaji, kwa sababu chuma kile kilikuwa cha moto na alitaka kuwa karibu na kitu cha moto akiwaza kitu cha baridi.

Ukungu ulipoondoka, baridi ilikaza. Kingo za Havel zikaota utando mwembamba wa barafu, na siku moja Krahnert alikuja gatini akiwa amevua kofia.

"Basi," alisema. "Ndege za majini zimekwisha. Barafu ikizipiga tumboni zitazama. Wameziondoa, na maboya tunayang'oa leo."

"Zitarudi lini?" aliuliza Ottilie.

"Barafu ikiyeyuka. Ikiwa bado tupo."

"Na Haddow?"

"Haddow atapewa kazi nyingine, au atarudi kwao. Mimi ninajuaje? Sikuzaa naye." Kisha akamwona uso, akavaa kofia yake. "Chumvi itakuja na ndege za nchi kavu, uwanja wa Gatow, ndani ya makapu yanayofungwa chini ya tumbo. Nahamia huko. Wanaojua kushona naenda nao."

"Naenda," alisema Ottilie. Alikuwa ameshainuka.

Kadi ya serikali ilikuja wiki hiyohiyo. Ilimtaja Traudel kwa jina lake la cheti: mtoto Raschke, Gertraud, amefika salama, afya njema. Mhuri ulikuwa wa bluu na mviringo. Aliisoma amesimama, akailaza mezani kifudifudi.

Kabatini, chini ya shuka, alikuwa na kadi nyingine. Mtoto Raschke, Joachim, amefika salama, afya njema. Huo ulikuwa wakati wa mabomu, shule ya Jochen, huyo Joachim wa kadi, ilipohamishiwa Pomerania, mbali mashariki, naye akaenda na kadi shingoni na kamba ya glavu kwenye mikono. Kadi ile haikusema uongo. Siku ilipoandikwa, alikuwa amefika. Kisha jeshi la Warusi likaja, shule ikatawanyika barabarani katika theluji, na kadi ikabaki ikisema afya njema.

Baada ya hapo mtu mmoja alikuja mlangoni. Alikuwa mtu mwema. Ottilie hakuwahi kumsema vibaya. Alisema amemwona Jochen kwa macho yake kwenye stesheni moja huko Holstein, akila viazi, mnene kabisa. Ottilie alimpa kipande cha mkate. Usiku ule alilala usingizi mzito, wa kwanza baada ya miezi. Akaenda Holstein, juu ya mabehewa ya makaa, akaukuta mji na stesheni na mvulana mwenyewe, mnene kabisa, mtoto wa watu wengine. Pengine yule mtu alikosea. Pengine alitaka tu kumpa mama usingizi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na tangu siku hiyo Ottilie alitaka kitu cha kushika, kilichotoka kwenye mwili wa mtoto, au asiambiwe lolote.

Jochen angekuwa na miaka kumi na mitatu sasa. Picha yake ilikuwa bado kwenye mabango ya watoto wanaotafutwa, uso wa miaka tisa. Kwenye kikopo cha bati, juu ya pamba, yalikuwamo meno yake matatu ya utoto.

*

Ghala la Gatow lilikuwa refu, na upepo ulipita ndani yake kama mwenye nyumba. Ndege zilitua moja nyuma ya nyingine, bila kupumzika, hata watu walijifunza kuzungumza katikati ya ngurumo, wakinyamaza katikati ya neno na kulimalizia baadaye. Malori yalileta magunia. Chumvi ilikuwa sakafuni, hewani, kwenye nyusi. Ilikuwa pia ndani ya mipasuko ya vidole vya Ottilie, ambayo baridi iliipasua na chumvi ikakataa ifunge.

Kila saa sita mchana alimwendea Krahnert.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza."

"Umemwuliza nani?"

"Nimewauliza wote wanaoshuka na beji ya mabawa kifuani. Nawaambia, Haddow, glavu, mama. Wanadhani nauza glavu. Mmoja ameniletea sigara tubadilishane."

"Uliza tena kesho."

"Bi Raschke, hata Mungu mtu humwuliza mara moja tu kwa siku."

"Basi mwulizie Haddow mara mbili."

Mchana mmoja, ikiwa imebaki siku chache kufika Krismasi, na mtaani aliyekuwa na mti alikuwa ameshaufanya kuni, Krahnert ndiye aliyemjia yeye. Alipita katikati ya magunia mkono mmoja nyuma ya mgongo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba keki.

"Rubani mmoja amenishika bega," alisema. "Ameniuliza kama hapa yuko mama wa glavu. Nikamwambia tunaye, na ametuchosha. Akasema imetoka kwa Haddow." Akaleta mkono mbele.

Ottilie alitazama. Ilikuwa glavu kubwa ya ngozi ya kahawia, ndani manyoya ya kondoo, ya mkono wa kushoto, iliyofungwa kwenye kifundo kwa kamba ya katani yenye mafundo matatu, kama mtu afungavyo kuku asitoroke.

"Hii si yake," alisema.

"Imetoka kwa Haddow."

"Nilisema nyekundu. Nilisema ya sufu. Ulimwambia?"

"Nilimwambia! Nilimwonyesha! Ulikuwapo!"

"Basi iko wapi?"

Bi Mielke alikuwa ameacha kushona. "Shoga, uliomba ya kushoto, imekuja ya kushoto. Imekua tu njiani."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Ndege ilipita juu ya bati, wote wakangoja. Ilipokwisha kupita, Ottilie alizungumza polepole, kama mtu anayepanga vyombo rafuni.

"Alijua ninachotaka. Mtoto alikuwa nayo mkononi. Kumvua ni jambo dogo. Mtu huleta kitu kingine pale kile chenyewe hakipo. Hana cha kuniletea. Amenionea huruma, akavua ya kwake, ili niwe na kitu."

"Unajuaje?" aliuliza Krahnert.

"Najua watu wema. Walishanijia."

Aliitupa ile glavu juu ya rundo la magunia, akachukua shazia.   Krahnert akaenda kuwafokea watu wa lori.

Ottilie alishona amesimama. Mishono ikaenda upande. Alitazama mlangoni, akatazama rundo, akatazama mlangoni. Kama ni hivyo, aliwaza, kadi ile ya bluu ni ya siku ya kwanza tu. Siku ya kwanza walikuwa wamefika. Na baada ya hapo? Pafu? Homa? Mkono ule? Alianza kuhesabu njia za kufika Hamburg. Barabara zimefungwa. Reli zimefungwa. Angeweza kujificha ndani ya kapu la chumvi, chini ya tumbo la ndege. Alilifikiria jambo hilo kwa makini kabisa, ukubwa wa kapu na ukubwa wake, na shazia ikateleza ikamwingia kwenye kiganja cha kushoto.

Damu haikuwa nyingi. Lakini chumvi iliingia, na macho yakamjaa maji.

"Haya, basi," alisema Bi Mielke, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. Aliichukua ile glavu kwenye rundo, akamwekea mkononi. "Usimwamini mwenye nayo. Lakini kondoo hajakukosea. Vaa, umalize kazi."

 Ottilie alianza kuyafungua mafundo kwa meno na mkono wa kulia. Aliyefunga alikuwa amekaza kwelikweli. La tatu lilipofunguka, alipangusa kiganja kwenye aproni, akauingiza mkono.

Ndani kulikuwa na joto. Halikuwa joto la mtu. Lilikuwa la manyoya tu, lakini vidole vyake vilikuwa vimesahau hata hilo. Akavinyoosha. Kwenye kidole gumba palikuwa na kitu kigumu kilichomchoma.

"Hata humu," alisema. "Chumvi imeingia hata humu."

Aliivua, akaikung'uta juu ya kiganja cha kulia. Kikaanguka kitu kimoja cheupe, kidogo, katikati ya punje nyingine nyeupe zilizokuwa zimeshika kiganjani tangu asubuhi. Macho yalikuwa bado na maji. Hakuweza kuona vizuri. Na kwa kuwa miezi mingi alikuwa akifanya hivyo kwa kila kitu cheupe kilichoanguka mbele yake, alilowesha kidole, akakichovya, kile kitu kikanata kidoleni, akakitia mdomoni.

Chumvi. Ilikuwa chumvi, ya juu juu. Ikayeyuka, ikapita.

Kilichobaki hakikuyeyuka.

Ottilie aliacha kutembeza miguu. Ulimi wake ulikigeuza kile kitu upande mmoja, ukakigeuza upande wa pili. Upande mmoja ulikuwa laini kama kikombe. Chini palikuwa na shimo dogo lenye kingo kali. Na juu, pembeni, palikuwa pamemeguka, mahali ambapo mtoto fulani aliyekatazwa kukimbia alikuwa amekimbia, akajigonga kwenye pampu ya maji ya barabarani, akaja nyumbani na damu kidevuni akisema ni pampu iliyoanza.

Alikitema kiganjani. Akakitazama.

"Nini?" aliuliza Bi Mielke. "Magadi?"

Ottilie alimwonyesha.

Bi Mielke aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. Yeye alikuwa amelea wanne. "Yesu wangu," alisema. "Jino. Krahnert! Wee Krahnert, hebu njoo hapa! Rubani amemng'oa mtoto jino!"

"Halikung'olewa," alisema Ottilie. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyeamshwa. "Limetoka lenyewe. Shina limekwisha kabisa, tazama. Lilikuwa tayari. Nilimwambia anitunzie."

Krahnert alifika akihema. Akalitazama jino, akaitazama glavu, na polepole, kama lori linalowaka asubuhi ya baridi, uso wake ukaanza kufanya kazi.

"Kwa hiyo ile nyekundu..." alisema.

"Iko mkononi," alisema Ottilie.

Alisema hivyo na akalisikia mwenyewe. Iko mkononi mwa mtoto. Nani alikataa, hakujua. Labda Traudel, aliyekuwa na kichwa kigumu, alikunja ngumi ndani ya sufu na kusema hapana, nitakupa hiki badala yake, Mama ana kikopo. Labda mwanamume yule mwenye masikio ya sufuria aliitazama theluji ya Hamburg, akautazama mkono ule, na hakuweza. Hawakuwa na lugha moja. Lakini walikuwa wameshaonyeshana meno, na inaelekea hiyo ilitosha. Jino ni dogo, hupotea hata mfukoni. Walihitaji kitu cha kulitia.

 Ottilie alirudi nyuma hatua moja, akakalia gunia, mwili mzima, mikono pajani, kama anavyokaa mtu aliyefika kwake.

"Bi Raschke," alisema Krahnert, kwa mazoea tu, "kukaa juu ya chumvi ni marufuku."

"Mwache," alisema Bi Mielke. "Tangu nimfahamu leo ndiyo amekaa."

Wakamwacha. Ndege mbili zilitua. Ottilie alifungua leso yake, akalitia jino kwenye pembe, akafunga fundo, juu yake akafunga jingine. Nyumbani kulikuwa na bati tupu la dawa ya kikohozi. Pamba angeipata. Bati la Traudel lingekaa kando ya la Jochen, si ndani yake. Hilo alikuwa ameliahidi.

Kisha akaiokota ile glavu kubwa na kuigeuza.

"Krahnert. Huko juu kuna baridi?"

"Huko juu? Rubani mmoja aliniambia chai yao huganda kikombeni. Waingereza huongeza maneno, lakini si sana."

"Na hizi wanapewa ngapi?"

"Jozi moja, nadhani. Kama viatu."

Ottilie alikuwa ameshainuka. "Aliyeileta bado yupo?"

"Wanateremsha mzigo wake sasa. Kwa nini?"

"Mrudishie. Sasa hivi, kabla hajaruka. Ampelekee Haddow. Mtu ataendeshaje ndege mkono mmoja uko mfukoni?"

"Bi Raschke, hii ni zawadi. Unajua ngozi hii ingekupa viazi kiasi gani?"

"Najua. Nenda."

"Nimwambie nini?"

Ottilie alifikiri. Aliyafikiri maneno mengi, yote marefu, na yote yalihitaji Kiingereza ambacho hakikuota kwenye shamba la viazi.

"Mwambie nimeamini," alisema.

"Hilo naliweza," alisema Krahnert. Akaitia glavu ndani ya koti lake, karibu na tumbo, ili isipoe, akatoka mbio katikati ya malori, kofia mkononi, akiita kwa Kiingereza chake.

Ottilie alisimama mlangoni mwa ghala. Hakuweza kumwona, palikuwa na ndege nyingi mno, na vumbi la makaa. Alikwenda mpaka ukutani, akarudi. Akaenda tena. Nyuma yake Bi Mielke aliguna kwa sauti kubwa, akalivuta gunia la Ottilie lililopasuka na kuanza kumshonea. Ottilie hakusikia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeishika leso mfukoni, macho yake yalikuwa nje, na aliendelea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka alipomwona nyapara akirudi taratibu kati ya malori, kofia kichwani, koti wazi, mikono mitupu, glavu imeshakwenda.